Ushauri: Shangazi kapooza, anayemuuguza anampiga na kula pensheni yake. Sheria inasemaje?

mpwa_wa_mtoni:
Wakuu, salaam. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 71, anaishi kwenye nyumba yake Mbagala. Alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki. Akili ni timamu kabisa. Ukimuuliza kitu anajibu kwa kichwa au anaandika kwa mkono wa kushoto. Hakujaliwa mtoto. Anayekaa naye ni mtoto wa baba mdogo, familia ilikubaliana amhudumie na yeye akae bure.

Mpangaji wa chumba cha uani ndiye kanipigia, anasema usiku husikia makofi na mama wa watu analia. Nilipofika nikakuta mkononi kuna alama nne zimejipanga kama vidole, mbili zimeshageuka njano, mbili bado za zambarau. Godoro limelowa. Dawa za presha hakuna hata kidonge. Kadi ya benki anayo kijana, pensheni ikiingia tu inatolewa yote.

Kituoni nimeambiwa hayo ya kifamilia, mkayamalize nyumbani. Baba mdogo naye kasema nikimfunga mwanaye nisikanyage kwake. Je, kuna sheria ya kumtesa mzee au mgonjwa? Adhabu yake ni ipi? Na shangazi atatoaje ushahidi wakati hasemi?

kisamvu_cha_nazi:
Pole mkuu. Huyo angeanza kushughulikiwa na vijana wa mtaa, polisi wangemkuta ameshalainika.

karani_wa_zamani:
Usithubutu. Mkimgusa, yeye ndiye atawahi PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha) na wewe ndiye utalala ndani.

Nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi, nikujibu kwa nilivyoona. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haina kosa linaloitwa "kumtesa mzee". Kinachomfunga mtu ni kosa la kawaida, na udhaifu wa aliyetendewa unaingia pale hakimu anapopima ukubwa wa adhabu. Kwa hiyo kila kitu kinategemea utaandikiwa kosa gani. Shambulio la kawaida, kifungu cha 240, ni hadi mwaka mmoja. Shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, ni hadi miaka 5. Madhara makubwa, kifungu cha 225, yanafika miaka 7. Alama ni zilezile, tofauti inaletwa na daktari aliyezijaza kwenye PF3 na jinsi alivyozieleza. Akiandika "michubuko" basi, umeisha. Mwombe aandike rangi, idadi, mahali, na kama anaona hazina umri mmoja. Hilo la njano na zambarau ulilolitaja ni la muhimu, maana huenda kapigwa zaidi ya mara moja, ingawa rangi peke yake haithibitishi.

mama_Ashura:
Na kutotunzwa je? Kumwacha mtu kwenye mkojo bila dawa si kosa?

karani_wa_zamani:
Ni kosa, dada. Aliyekubali kumtunza mtu asiyejiweza kwa umri au maradhi ana wajibu wa kisheria kumpatia mahitaji ya lazima, na akishindwa bila sababu mpaka afya ikaharibika anashtakiwa. Shida ni kuthibitisha kwamba afya iliharibika kwa sababu hiyo, ndiyo maana kadi ya kliniki inayoonyesha presha ilivyopanda itunzwe.

Mtetezi_Temeke:
Upande wa hela usiuache, mara nyingi ndiko kesi inakosimama. Je, kadi aliiiba au alipewa?

mpwa_wa_mtoni:
Shangazi alimpa mwenyewe mwanzoni, awe anamtolea hela za matumizi.

Mtetezi_Temeke:
Basi atajitetea kwamba alipewa, na jibu la utetezi huo ni kwamba alipewa kwa kazi ya shangazi, si kwa bia zake. Wizi wa kawaida ni kifungu cha 258 na 265, hadi miaka 7. Aliyekabidhiwa mali ya mtu kwa kazi maalumu akaigeuza yake anaangukia wizi wa wakala, kifungu cha 273, hadi miaka 10. Wengi hudhani kukabidhiwa kunapunguza kosa, kumbe kunaongeza. Shangazi aende benki na kitambulisho, hata kwa kiti cha magurudumu, afunge kadi na aombe taarifa ya akaunti. Tarehe za kutolewa hela uziweke pembeni ya tarehe ambazo dawa hazikununuliwa.

Kuhusu kusema: Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamruhusu shahidi asiyeweza kuongea kutoa ushahidi kwa maandishi au ishara mbele ya mahakama, na unahesabika kama wa mdomo. Anaandika kwa kushoto? Inatosha. Mpangaji naye aandikishe maelezo mapema kabla hajatishwa akahama.

nesi_wa_usiku:
Kituoni usirudi kaunta. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, wanapokea na watu wazima, wala usiogope hilo jina. Pitia pia kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, barua yake inawafanya polisi wasikwambie tena ya kifamilia. Kupooza ni ulemavu, kwa hiyo mtaje na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Hela ya wakili kama hakuna, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ustawi watakuelekeza.

babu_wa_kariakoo:
Lakini ndugu zangu, damu ni damu. Mkalisheni kikao, arudishe hela, yaishe.

karani_wa_zamani:
Mzee wangu, shikamoo. Hakimu anaruhusiwa kuhimiza usuluhishi kwenye shambulio la kawaida na mambo madogo ya binafsi. Hili si dogo. Na kwenye kikao hicho nani atamsemea shangazi, baba wa mtuhumiwa?

mpwa_wa_mtoni:
Asanteni sana. Leo nimeonana na dawati, PF3 imejazwa kama mlivyosema. Kijana kaitwa kesho asubuhi. Tatizo bado ana funguo za geti.

mama_Ashura:
Shangazi asilale hapo usiku huu! Mchukue.

Mtetezi_Temeke:
Au abaki kwake, kijana ndiye atoke. Nyumba ni ya shangazi, yule si mpangaji, amekaa kwa ridhaa yake tu. Shangazi aandike kwa mkono wake kwamba ameiondoa ridhaa hiyo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri, vitu vya kijana vitolewe mbele ya mjumbe, kisha mbadilishe kitasa. Leo hii, kabla hajarudi.