Mjadala: Albamu ya filamu yenye nyimbo za kila aina inastahili kuwa Albamu ya Mwaka?

Mleta mada

Wakuu, kila msimu wa tuzo hoja hii hufufuka. Kuna wanaosema albamu ya filamu iliyokusanya wasanii kumi na zaidi, mitindo mbalimbali na rekodi za miaka tofauti haina haki ya kushindana na msanii aliyejifungia studio akaandika nyimbo zake mwenyewe. Mimi nasema haki hiyo inayo.

Tuanzie Grammy za 2002. Albamu ya Mwaka ilikwenda kwa albamu ya filamu O Brother, Where Art Thou?, chini ya prodyuza T Bone Burnett, ikawaacha nyuma Bob Dylan, U2, OutKast na India.Arie. Sasa fungua uone kilichomo. Inaanza na wafungwa wa gereza la Mississippi wanaoimba huku shoka zinapiga kuni, rekodi ya 1959 ya Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili. Kuna rekodi ya Harry McClintock ya 1928. Kuna mzee Ralph Stanley anazungumza na kifo bila ala hata moja. Halafu Emmylou Harris, Alison Krauss na Gillian Welch wanapokezana wimbo wa kubembeleza mtoto, na ukiusikiliza vizuri unatisha.

Kati ya sauti ya kwanza kurekodiwa na ya mwisho imepita miaka zaidi ya sabini, lakini ukisikiliza mwanzo hadi mwisho hakuna mahali unapojiuliza huyu ameingiaje humu. Hilo halikutokea kwa bahati. Kuna mtu alizisikia zikiwa pamoja kabla hazijawekwa pamoja. Kazi hiyo ndiyo ninayoitetea.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umejichagulia mfano mwepesi. Nyimbo nyingi za O Brother zilirekodiwa upya kwa ajili ya filamu, prodyuza ni mmoja, na karibu zote ni ndugu wa ukoo mmoja wa muziki. Huo si mchanganyiko, ni familia imekutana.

Lete mchanganyiko wenyewe. Pulp Fiction, 1994: gitaa la Dick Dale, funk ya Kool & the Gang, Al Green, Dusty Springfield, na katikati wahusika wanapiga soga. Iondoe filamu, unabaki na nini? Anayeinunua ile hanunui muziki, ananunua kumbukumbu ya alichokiona. Muziki unakopa nguvu kwa picha, halafu unataka tuzo kwa jina lake.

Na mkitaja The Bodyguard, iliyochukua Albamu ya Mwaka 1994, niambieni bila kuangalia: baada ya nyimbo sita za Whitney Houston, nani wengine wamo? Ile ilikuwa tuzo ya Whitney, wengine walipanda lifti.

Mchangiaji wa 2

Hapo kwenye Whitney umenichekesha, lakini ni kweli.

Ila hoja ya kukopa nguvu kwa picha inakwama kwenye The Harder They Come ya 1972. Jimmy Cliff ndiye nyota wa filamu na wa albamu, lakini ndani kuna pia Toots na Maytals, Desmond Dekker, Melodians na Slickers, na karibu zote zilikuwa nyimbo za miaka michache nyuma, zilishatoka Jamaika. Watu chungu nzima waliingia kwenye reggae kupitia santuri ile, na wengi wao filamu yenyewe hawajaiona mpaka leo. Walikopa picha gani hao?

Mchangiaji wa 3

Naona mnamsifia mteuzi wa nyimbo kana kwamba anaingia ghalani na kuchukua atakacho. Mambo hayaendi hivyo. Wimbo uliokwisha kutoka unahitaji ruhusa mbili ili uingie kwenye filamu: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Hao mara nyingi ni kampuni mbili tofauti. Kuuweka kwenye albamu inayouzwa ni mazungumzo mengine, na bei nyingine.

Easy Rider, 1969, ni ushahidi mzuri. Ndani ya filamu unawasikia The Band wakiimba "The Weight". Nunua albamu, utakuta wimbo uleule umeimbwa na kundi linaloitwa Smith, kwa sababu ruhusa ya rekodi ya asili kwa ajili ya albamu haikupatikana. Kwa hiyo unachokiita sikio, mleta mada, wakati mwingine ni wakili.

Kuna na upande wa pili, albamu inayobeba jina la filamu huku nyimbo zake nyingi hazisikiki ndani yake. Black Panther ya 2018 ina nyimbo 14 chini ya Kendrick Lamar, zinazosikika kwenye filamu ni chache. Nyingine ziliandikwa kwa kuifikiria hadithi tu. Muziki uliobeba filamu ni wa Ludwig Göransson, una albamu yake, na ndio uliopata Oscar. Sasa hapo "albamu ya filamu" ni ipi?

Mleta mada

Mchangiaji wa 3, hoja ya wakili naipokea, lakini haimwangushi mteuzi. Hata mtunzi hupangiwa bajeti, muda na lebo.

Na hiyo Black Panther unaniongezea silaha. Wasanii wa Afrika Kusini kama Sjava, Babes Wodumo na Yugen Blakrok wamekaa meza moja na majina makubwa ya Marekani, Sjava anaimba Kizulu bila kuomba radhi, na albamu haiyumbi. Iliteuliwa pia kuwania Albamu ya Mwaka. Wimbo usikike au usisikike kwenye filamu, hadithi ndiyo iliyowapa wote sababu ya kuwa chumba kimoja.

Mchangiaji wa 1, umeuliza Pulp Fiction bila picha inabaki nini. Inabaki mshtuko wa ujirani. "Misirlou" ni wimbo wa zamani wa mashariki ya Mediterania, Dick Dale akaupiga kwa kasi ya wendawazimu mwaka 1962, na dakika chache mbele unaangukia "Jungle Boogie" ya Kool & the Gang. Redio isingezipanga hivyo, kwa sababu redio hugawa wasikilizaji kwa umri na mtindo. Programu za kusikilizia muziki nazo hukuletea kinachofanana na ulichopiga jana. Albamu ya namna hii inakupa usichokitafuta, na inakupa kwa mpangilio: kipi kinakuja wakati bado una kingine masikioni. Ukizipiga nyimbo zilezile kwa kuchanganya ovyo, nusu ya utamu imekwenda.

Mchangiaji wa 4

Mimi sioni tofauti na pleilisti. Kila mtu mwenye simu anapanga nyimbo zake. Filamu ya Guardians of the Galaxy walitoa albamu ya Awesome Mix Vol. 1 mwaka 2014: nyimbo 12, zote za zamani, hakuna hata moja mpya, ikapanda hadi namba 1 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Wakaiuza na kwa kaseti! Ni albamu ninayoipenda sana, lakini tuzo ya nini kwa kupanga nyimbo za watu?

Mchangiaji wa 3

Hapo kanuni imeshajibu. Siku hizi ili albamu iwanie Albamu ya Mwaka ya Grammy, zaidi ya asilimia 75 ya muda wake lazima iwe rekodi mpya. Awesome Mix isingeingia. Albamu za mkusanyo wa filamu zina kundi lao maalumu, na O Brother ilishinda na hilo pia mwaka uleule.

Mleta mada

Kanuni naijua, na ndiyo ninayoipinga. Inalipa kurekodi, hailipi kuchagua. Kuhusu pleilisti: ya kwako inakuhusu wewe. Kaseti ya Guardians ni ya mhusika, aliachiwa na mama yake, na kila wimbo unatueleza mama huyo alikuwa mtu wa namna gani, na kwenye hadithi yeye huonekana kidogo tu. Huko ni kuandika mhusika kwa nyimbo za watu wengine. Jaribu kama ni rahisi.

Na msisahau kuchagua kuna matokeo kwa watu wenye mwili na damu. Aliyeongoza wale wafungwa wa 1959 aliitwa James Carter. Wimbo ulipochaguliwa, alitafutwa, akapatikana akiwa hai, akapewa hundi ya dola 20,000 na kualikwa Grammy. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu arekodiwe.

Mchangiaji wa 1

Habari ya Carter imenigusa. Lakini mkuu, mwaka uleule T Bone Burnett alipewa pia tuzo ya Prodyuza wa Mwaka. Sikio lake lilishalipwa. Na kundi la albamu za filamu likalipwa pia. Hiyo ya tatu, Albamu ya Mwaka, mliinyang'anya Stankonia, albamu ya OutKast, na mpaka mnijibu hilo sihami.