Nianze na Photoshop au After Effects? Kitabu au kozi ya mtandaoni? Nina wiki tatu

Kijana wa Steshenari
Wakuu habari za jioni. Niko Morogoro, nimeajiriwa kwenye steshenari ya mtu: fotokopi, picha za pasipoti, kadi za mwaliko. Photoshop naifungua kila siku, lakini ujuzi wangu unaishia kwenye kukata mtu na kumwekea bluu nyuma. Nataka niingie rasmi kwenye kuhariri picha kwa Photoshop na mosheni grafiki kwa After Effects, yale majina na maua yanayocheza kwenye skrini ukumbini.

Nilipokwenda Dar nilipata kitabu cha After Effects CS5 kwa wauza vitabu wa mtumba pale Posta. Kinene, kurasa za rangi, ila ule mfuko wa CD kwenye jalada la nyuma uko mtupu. Je, nikomae na kitabu au nilipie kozi? Na kati ya hizo programu mbili nianze na ipi? Ifikapo Jumamosi ya wiki ya tatu niwe nimeiva. Matusi hapana, tafadhali.

Mzee wa Dakrumu
Nyie mna raha. Mjomba wangu alikuwa na studio Tanga, enzi za filamu. Chunusi za bibi harusi alikuwa anaziondoa kwenye negativu kwa penseli iliyochongwa mpaka ncha inakuwa kama sindano. Kwenye kusafisha, akitaka uso usiive sana anachukua waya wenye kiduara cha kadi mbele, anautikisatikisa chini ya taa. Akitaka mahali pakolee, anakunja kiganja mwanga upite kwenye tundu tu. Siku naonyeshwa Photoshop nikakikuta kile kijiti chenye duara na kile kiganja vimepangwa pale pembeni kwenye vifaa, nikacheka peke yangu. Kumbe wale ndugu wawili walioianzisha, Thomas na John Knoll, baba yao alikuwa na dakrumu, chumba cha giza cha kusafishia picha, nyumbani. Ikaingia sokoni 1990.

Sasa mjomba huyo, siku moja maji yakakatika katikati ya kusafisha picha za Maulidi... nitarudi.

Mama Nidhamu
Wiki tatu! Fundi cherehani anakaa na mwalimu wake mwaka mzima anafunga vifungo tu. Vijana mnataka kila kitu kiive kama chipsi. VETA zipo, nenda ukasome kama wenzako.

Leya Juu ya Leya
Mkuu, kitabu usikitupe. CS5 ni toleo la 2010, na tangu 2013 matoleo mapya ya Adobe, wenye programu hizo zote mbili, yanauzwa kwa kulipia kila mwezi au mwaka, kwa hiyo menyu nyingi utazikuta zimehama. Ila misingi haijahama: leya (matabaka yanayolaliana kwenye picha), maski (ya kuficha sehemu ya leya bila kuifuta), na kule kuweka alama mahali kitu kinapoanzia na kinapoishia ili programu ijaze katikati. Shida ya kitabu chako ni hiyo CD. Vitabu vya namna hiyo vinaanza na "fungua faili la somo la kwanza", na faili huna. Tumia picha zako mwenyewe.

Anza na Photoshop. Ukipanga kazi yako kwenye leya vizuri, jina peke yake, ua peke yake, After Effects inalipokea faili hilo na leya zake zote, kisha unazichezesha moja moja. Ukiwa umebandika kila kitu kwenye leya moja, utarudi nyuma ukilia.

Video za bure YouTube zinatosha kwa mwanzo. Kozi ya kulipia inakusaidia kwa mpangilio, maana YouTube utajifunza moto na radi kabla hujajua kusogeza neno moja likatulia. Na hilo neno ndilo kazi yenyewe: likianza na kusimama kwa kasi ileile linaonekana limesukumwa na roboti. Chagua zile alama zako, bonyeza F9, litapunguza mwendo linapokaribia kusimama. Kwanza, mashine yako ina RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB ngapi?

Kijana wa Steshenari
Asante sana mkuu, umenifungua. Mashine iko njiani kutoka Kariakoo, Core i5, RAM 4.

Leya Juu ya Leya
Nne?? Adobe wenyewe kwa After Effects ya sasa wanataka 16 kama kima cha chini, Photoshop 8. Zuia mzigo kama bado.

Kijana wa Steshenari
Nimeshalipa mkuu. Jamaa ni mwaminifu, na kuna mtu YouTube anaitumia kwenye 4 bila shida.

Swali Dogo
Samahani, hili la Jumamosi halijanikaa. Mtu anayejiwekea malengo husema "mwisho wa mwezi". Jumamosi ni ya sherehe. Nani kakupa hiyo tarehe?

Kijana wa Steshenari
Ni malengo yangu tu mkuu.

Swali Dogo
Na hela ya laptopu ni mshahara wa steshenari?

Kijana wa Steshenari
Haya, niseme ili mnisaidie vizuri. Kuna sendoff. Binti wa mama mwenye nyumba wangu. Wanataka video ya utangulizi ya dakika moja na picha thelathini zilizosafishwa za kupita kwenye skrini. Wamenipa kianzio, ndicho nimenunulia mashine. Sioni ubaya, hata fundi seremala anachukua kianzio akanunue mbao.

Mzee wa Dakrumu
Seremala randa anayo tayari, kijana.

Swali Dogo
Walikupaje kazi bila kuona kazi yako?

Kijana wa Steshenari
Niliwaonyesha video moja kwenye simu. Sikusema nimeitengeneza mimi. Nilisema "kitu kama hiki". Hawakuuliza, na mimi sikuona sababu ya kujieleza kwa jambo ambalo sijaulizwa.

Mama Nidhamu
Ndiyo maana nilisema VETA.

Kataa Sendoff
Mama mwenye nyumba?! Mkuu, wewe hujachukua kazi, umeweka rehani chumba. Anza kufungasha, kitabu kitangulie.

Dada wa Kihonda
Mimi naongea kama niliyewahi kuwa bibi harusi. Hayo ya skrini yatapita, ila picha nyie vijana mnatutia weupe! Nilifungua albamu nikakuta nina uso wa mtu mwingine na mikono yangu mwenyewe. Mume wangu hadi leo akiiona anauliza yule dada alikuwa nani. Tafadhali kijana, muache binti na rangi yake.

Leya Juu ya Leya
Hapo dada kagusa penyewe. Zile programu za kusafisha uso kwa kubonyeza mara moja nyingi zinapausha ngozi nyeusi na kufuta vinyweleo vyote, mtu anabaki kama sanamu ya plastiki dukani. Fanya hivi: tengeneza leya tupu juu ya picha, chunusi ziondolee huko, leya ya chini usiiguse. Mwanga urekebishe kwa leya ya marekebisho yenye maski, si kwenye picha yenyewe. Ukikosea unafuta leya, picha ya binti iko salama.

Chai ya Saa Nne
Wakuu, mnalishwa CHAI na mnaomba maandazi. Someni vizuri: mashine iko njiani kutoka Kariakoo, sawa? Anasoma After Effects kwenye nini? Pia mwezi uliopita huyuhuyu alikuwa Kibaha anatafuta soko la kuku wa kienyeji. Leo yuko Morogoro na steshenari. Huu ni uzi wa biashara. Subirini, sasa hivi atatokea mtu na flashi ya kozi.

Duka la Maarifa
Habari wakuu, nina flashi GB 64 yenye kozi zote za Photoshop na After Effects pamoja na programu zenyewe zilizochakachuliwa, hazihitaji malipo. Njoo PM.

Chai ya Saa Nne
Sijui niseme nini tena 😂😂

Kataa Sendoff
Hata mnajimu Shehe Yahya hakuwahi kupatia haraka hivi.

Kijana wa Steshenari
Wallahi huyo simjui! Kuku ni wa shemeji, aliniomba nimpostie. Na sijasema nafanyia mazoezi kwenye mashine yangu, kompyuta ya ofisi naitumia bosi akishaondoka. Naambatanisha picha ya kitabu, mfuko wa CD huo hapo, mtupu.

Chai ya Saa Nne
Mfuko mtupu ni ushahidi wa mfuko mtupu.

Leya Juu ya Leya
Chai au si chai, atasoma mwingine mwenye shida hii. Hizo zilizochakachuliwa achana nazo, nyingi zinakuja na virusi, na kompyuta ya bosi ina kazi za wateja. Picha unaweza kuzihariri Photopea, inafanya kazi ndani ya kivinjari, bure, na inafungua mafaili ya Photoshop. Kwa video usiote radi. Jina la binti, tarehe, picha zinazopishana taratibu. Fremu 25 kwa sekunde, 1920 kwa 1080, halafu nenda ukumbini mapema ukaijaribu kwenye skrini yao. Na mama umweleze leo, kabla hajawaambia mashoga zake.

Mama Nidhamu
Leo hii.

Mwenyekiti wa Kamati
Kijana, mimi ni mjumbe wa kamati ya hiyo sendoff. Kesho uje na hicho kitabu.

Kijana wa Steshenari
Mkuu unatania? Ni Baba Rehema? Nijibu PM tafadhali.

Mwenyekiti wa Kamati
😂😂😂 Niko Bukoba mimi, sijui hata Morogoro ikoje.

Kijana wa Steshenari
Msinifanyie hivyo jamani. Suala la mama nitalipima, yeye mwenyewe wiki hii ana presha. Leya mkuu, jamaa wa Kariakoo ameniambia RAM inaongezeka, mashine imeandikwa inatumia aina ya DDR3L. Nikitafuta 16, nanunua moja au mbili za 8?

Leya Juu ya Leya
Mbili za 8. Muulize kwanza kama ina nafasi mbili.

Mzee wa Dakrumu
Nimerudi. Sasa pale maji yalipokatika...