Tupeane uzoefu: madaktari wa zahanati za mitaani wanaujua ugonjwa wa kisukari kwa kiasi gani?

Mwanzisha mada, Mji wa Kale
Ndugu zangu wa Mombasa, naomba tuelezane jinsi madaktari na maafisa wa kliniki wa mitaani kwetu, ambao ndio tunaowafikia kwanza, wanavyoushughulikia ugonjwa wa sukari. Ninamuuguza mama yangu. Kwa muda mrefu, kila tulipokwenda kliniki alitobolewa kidole, na sukari ya asubuhi ikisomeka vizuri tuliambiwa hali ni njema, tukapewa metformini, vidonge vya kushusha sukari, na kurudi nyumbani. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, hakikutajwa kabisa, ingawa mgonjwa anayejinyima chakula siku chache kabla ya kliniki anaweza kupata namba ya kupendeza ilhali mishipa yake inaharibika. Daktari mwingine alipokiagiza, matokeo yalizidi asilimia 9, na kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya 7. Tangu hapo siridhiki na daktari asiyeuliza ila sukari ya leo.

Mchangiaji wa Likoni
Pole kwa kuuguza. Baba yangu alilalamikia ganzi ya nyayo akajibiwa kwamba ni uzee. Afisa wa kliniki aliyempokea baadaye, kijana mpole sana, alimwomba avue viatu, akamgusa nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni huku baba amefumba macho, akakuta sehemu ambazo hahisi chochote, pamoja na kidonda kati ya vidole ambacho sisi nyumbani hatukukijua. Aliuliza pia ametumia metformini kwa miaka mingapi, kwa sababu matumizi ya muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta ganzi. Vifaa vyake havikuwa vya gharama, ila alijua anachokitafuta.

Mchangiaji wa Kisauni
Mimi nitazungumzia Ramadhani, maana hapa kwetu ndipo ujuzi wa daktari unapoonekana. Wako wanaokukataza kufunga bila kukusikiliza, na wako wasiouliza lolote. Daktari wangu wa sasa aliniita mwezi wa Shaabani. Alinieleza kwamba glibenklamaidi, dawa ya sukari niliyokuwa nikiimeza asubuhi, inaweza kushusha sukari mno mchana wa saumu, kisha akapanga upya dozi zangu za futari na daku. Alinifundisha kujipima mchana, kwani masheikh wengi wamefafanua kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu, na akaniagiza nifungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.7 kwa kipimo cha mmol/L. Halafu akauliza juu ya kaimati, tambi za sukari na viazi vya nazi, tukakubaliana nile nini na kwa kiasi gani. Nilikuwa nimezoea kuambiwa tu, "Punguza sukari," kana kwamba mkate na wali havigeuki sukari mwilini.

Mchangiaji wa Changamwe
Niongeze la insulini. Mwanangu ana kisukari cha aina ya kwanza, na hatukuwa na friji. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetuonyesha kuiweka chupa inayotumika ndani ya chungu chenye mchanga wenye maji, mahali penye kivuli, kwa kuwa joto la nyumba ya mabati huiharibu dawa. Daktari alikuwa akiongeza dozi pasipo kuuliza dawa inahifadhiwa wapi.

Mwanzisha mada, Mji wa Kale
Shukrani nyingi. Dada wa Kisauni, hilo la Shaabani nitalipeleka kwa daktari wa mama mapema. Bado sijasikia habari za macho, nayo yanapaswa kukaguliwa tangu mtu anapogunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, kisha kwa kawaida kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Je, kuna aliyepewa barua ya kwenda kwa daktari wa macho bila kuiomba mwenyewe?