Naomba ushauri: kuwapangia wanafunzi gereji bila vurugu

Ndugu wanachama, nimekabidhiwa kazi ya kuwapeleka wanafunzi 31 wa umekanika kwenye gereji 9 za Eneo la Viwandani na barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Muhula uliopita niliwagawa kwa kufuata orodha ya majina, na baada ya wiki mbili kijana aliyependa injini za dizeli akahamia kwa fundi ambaye naye alikuwa akimtaka tangu mwanzo. Mpango wote ukavurugika.

Sasa nataka kutumia njia ya wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962: kila mwanafunzi aombe gereji aipendayo zaidi, gereji iwashikilie kwa muda inaowapendelea na kuwakataa wengine, nao waliokataliwa waombe inayofuata, hadi pasibaki ombi jipya. Kwa kuwa njia hiyo huufaa zaidi upande unaoomba, naona waombe wanafunzi, ingawa mafundi (ambao ndio wenye gereji, tusisahau) wanadai wachague wao kwanza.

Kinachonitatiza ni mume na mke wanaotaka gereji moja, kwani maombi ya pamoja ya namna hiyo yanaweza kusababisha pasipatikane mpango thabiti hata mmoja, yaani mpango ambao hakuna mwanafunzi na gereji wanaotakana kuliko walivyopangiwa. Je, niwapange hao kando kwanza, au kila mmoja aombe kivyake?