MREJESHO: Ndege wa majira ya kuchipua Colorado

Wadau, habari zenu. Niliuliza hapa nianzie wapi kutazama ndege nikiwa Denver: tambarare, mabwawa au milimani? Mkaniambia nipite kote, ila milima niiache mwisho kwa sababu ya theluji. Ahsanteni sana, ushauri wenu umenifaa.

Kule Pawnee, nyanda za kaskazini-mashariki, nilimwona ndege rasmi wa jimbo la Colorado, anaitwa lark bunting. Dume ni mweusi tii mwenye mabaka meupe mbawani. Hupaa akiimba, kisha hushuka taratibu hadi majanini. Mliosema nisishuke kwenye gari mlikuwa sahihi kabisa, ndege hawashtuki.

Lakini bwawa la Chatfield ndilo lililonimaliza! Kibisi (ndege wa majini wanaozamia) wakubwa wa huku wana shingo ndefu na macho mekundu. Wawili walitazamana, wakatikisa vichwa, ghafla wakasimama wima na kukimbia juu ya maji bega kwa bega, miguu ikipiga chapuchapu, kisha wakazama pamoja. Nilisahau hata kushika darubini.

Kule Guanella Pass, barabara ya kupita mlimani kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,500, nilimpata ptarmigan mkia-mweupe, jamii ya kwale. Manyoya ya kahawia yalikuwa yameanza kuchanganyika na meupe ya baridi, na miguu imefunikwa manyoya mpaka vidoleni. Anayetaka kwenda aulizie kwanza kama barabara imefunguliwa.

Sasa namtafuta bundi anayeishi kwenye mashimo ya prairie dog (mnyama mdogo wa jamii ya kindi anayechimba ardhini). Mwenye kujua saa nzuri ya kwenda, naomba anijuze.