Insha ya Rehema na ile "-ka-" iliyopotea

Rehema: Shikamooni wote. Jamani nina kesi. Insha yangu ya Kiingereza imerudi na wino mwekundu mpaka huruma.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Umefeli?

Rehema: Sijafeli Babu, ila sentensi ya kwanza tu nimekatwa alama 3. Hii hapa: "I woke up late, I missed the bus, I reached school at nine." Pembeni mwalimu kaandika kwamba hizo ni sentensi tatu na hazijaungwa. Mimi naiona imetulia kabisa.

Shangazi: Hata mimi naiona imetulia. Nilichelewa kuamka, nikakosa basi, nikafika shule saa tatu. Kosa liko wapi hapo?

Mjomba: Shemeji, kosa umeliandika mwenyewe. Hebu soma tena ulichotuma.

Shangazi: Nimesoma. Sioni kitu.

Mjomba: NiKAkosa. NiKAfika. Hiyo -ka- ndiyo uzi wetu. Ukiisikia unajua kuna jambo limetangulia na hili limefuata, huhitaji neno jingine la kuunga. Sasa Kiingereza hakina -ka-. "Missed" ni "missed" tu, haijui kama ni ya kwanza au ya mwisho. Rehema ameng'oa -ka- zote mbili, mahali pake kaweka mkato. Mkato wa Kiingereza peke yake hauwezi kubeba vishazi viwili vilivyo kamili.

Rehema: Kwa hiyo niweke "and" kila mahali?

Mjomba: Si kila mahali. "I woke up late and missed the bus, so I reached school at nine." Angalia mikato. Kabla ya "and" hakuna, kwa sababu "missed" haina kiima chake, inamtegemea "I" yule wa mwanzo. Kabla ya "so" upo, kwa sababu nyuma yake kuna "I reached", kishazi kinachoweza kusimama peke yake na nukta yake.

Baraka: Ngoja. Julius Caesar si alisema "I came, I saw, I conquered"? Naye akatwe 3?

Mjomba: Kaka mtu huyo ameingia 😂 Kwanza Caesar hakusema Kiingereza. Veni, vidi, vici, mwaka 47 kabla ya Kristo, baada ya kushinda vita kule Zela. Pili, vishazi vyake ni vifupi na vina mwendo mmoja, hapo mkato husamehewa. Tatu, hebu itafsiri.

Baraka: Nilikuja, nikaona, nikashinda.

Baraka: Ah. -ka-.

Mjomba: Eeh.

Rehema: Sisi tulikaririshwa FANBOYS, herufi za mwanzo za viunganishi vya Kiingereza. For, and, nor, but, or, yet, so. Saba basi.

Mjomba: Ni nzuri kwa kukumbuka, ila mimi siipendi sana. Inawapanga saba kwenye mstari kana kwamba wanalingana. Wanaochapa kazi kutwa ni "and", "but" na "or". Hiyo "for" yenye maana ya "kwa maana", lini umemsikia mtu akiitamka kwenye simu? Imebaki kwenye vitabu. "Nor" nayo ina kiburi, ikiingia inapindua maneno: "She didn't call, nor did she write." Ukiandika "nor she wrote" ndiyo basi tena. Halafu "yet" na "so" hawajakomaa. Wanakubali kusindikizwa: "and yet", "and so". Jaribu "and but" uone kama itapita.

Mama: Na "because"? Maana mimi siku zote nilidhani naye yumo.

Mjomba: Hayumo, dada. Kipimo ni kumhamishia mbele. "I slept because I was tired", geuza: "Because I was tired, I slept." Imekubali. Sasa "I was tired, but I went." Geuza: "But I went, I was tired." Imevunjika. Hawa saba wanakaa katikati ya vile vishazi viwili, hawabanduki. "Because" anatembea na kishazi chake popote kinapokwenda.

Mama: Kama "although".

Mjomba: Hasa. Na hapo ndipo tunapoumia sisi. Kwetu mtu anasema "Ingawa sina cheti, lakini nina uzoefu" na hakuna anayeshtuka. Ukiihamisha hivyo hivyo, "Although I have no certificate, but I have experience", Mwingereza anakunja uso. Chagua mmoja. Ama "although" ama "but".

Mama: Ujumbe huu umefutwa

Baraka: Mama umefuta nini?

Mama: Hakuna.

Baraka: Nimeona kabla hujafuta. Ilikuwa barua ya kuomba kazi 😂😂

Mama: Nimeshaituma tangu Jumatatu. Tuendelee.

Shangazi: Pole wifi. Wanaangalia uzoefu, hawaangalii "but".

Rehema: Mjomba, mwalimu kazungushia na hii: "I spoke slowly so she would understand." Nilikuwa nimeweka mkato kabla ya "so", vile vile unavyosema, akaufuta!

Mjomba: Hiyo nzuri sana. Kiswahili kinakuokoa hapo. Hiyo "so" isome kimoyomoyo. Ikitoka "kwa hiyo", ni yule wa saba, mpe mkato: "I spoke slowly, so she understood." Ikitoka "ili", ni "so that" iliyokatwa mkia, usimpe. Wewe ulikuwa unaongea polepole ILI aelewe.

Rehema: Yaani neno moja, watu wawili.

Mjomba: Sisi tumewapa majina tofauti, wao wamewaacha na jina moja.

Babu: Nina swali. Enzi zetu mwalimu alikuwa anatuchapa ukianza sentensi na And au But. Naona siku hizi hata magazeti yanaanza hivyo. Sheria imebadilika lini?

Mjomba: Shikamoo Baba. Haikuwahi kuwa sheria ya lugha, ilikuwa ya darasani. Walimu walichoka na watoto wanaoanza kila sentensi na And, wakaona dawa ni kupiga marufuku. Ile Biblia yako ya King James, ya 1611, fungua Mwanzo sura ya 1. Hesabu aya ngapi zinaanza na And.

Babu: Ngoja nitafute miwani.

Baraka: Umempa Babu kazi ya wiki nzima.

Shangazi: Wakati tunamsubiri, mimi kuna "and" inanisumbua. Bosi wangu alimwambia mtu, "Touch that file and you'll see." Hapo ameunganisha nini na nini?

Mjomba: Hajaunganisha, ametisha 😂 Hiyo "and" ina "kama" tumboni. Ukigusa, utaona. Sisi tungesema tu "Gusa uone", bila kiunganishi chochote. Hata ya wema ipo: "Work hard and you'll pass." Na "or" ndiyo "la sivyo": "Stop or I'll shout."

Shangazi: Kumbe nilikuwa nafanya kazi na mtisha watu miaka yote hiyo nikidhani ananipa orodha.

Babu: Nimehesabu. Aya 31. Zinazoanza na And ni 29. Ya kwanza inaanza na In, na ya 27 inaanza na So.

Mjomba: Na hata hiyo So ni mmoja wa wale saba, Baba.

Babu: Nimefungua na ya Kiswahili nikaziweka pamoja. Ya 3: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Kiingereza kina and mbili hapo. Kiswahili kina A-KA-sema na I-KA-wa. Hakuna "na" hata moja.

Mjomba: Baba, nimefundisha hili miaka mingi na sikuwahi kuziweka kando kwa kando.

Babu: Basi yule mwalimu alinichapa bure.

Rehema: Nimeandika upya, nikagulieni: "I woke up late and I missed the bus and I ran and I fell and I reached school at nine and the gate was closed."

Baraka: Mwanzo 1:32.

Mjomba: 😂😂 Rehema, toa nusu. Geti kufungwa ni habari ya kushtua, mpe "but": "I ran and reached school at nine, but the gate was closed." Kule kuanguka kupe sentensi yake.

Rehema: Sikuanguka kweli. Niliweka ili iwe ndefu.

Mama: Rehema, saa nne hii. Switch off that phone or I'm coming.

Baraka: Hapo Mama, baada ya "or" kishazi cha pili kina kiima chake, kwa hiyo ungeweka mka

Mama: Baraka.

Baraka: Usiku mwema wote.