Sifa sita, unazo nne: kuomba kazi Nairobi ukitokea Tanzania

Wenzetu wengi wanaohamia hapa kutoka Dar, Arusha au Mwanza husoma tangazo la kazi, wakifika kwenye sharti la tatu wasilolitimiza wanaachana nalo. Wengine hutuma CV ileile kila mahali. Wote hao hawajalisoma tangazo. Masharti hayana uzito mmoja, na kuyatenganisha ndiyo kazi ya kwanza.

Yapo masharti ya kisheria. Muuguzi asiyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, mwalimu asiye na namba ya TSC (tume ya walimu), mhandisi asiye kwenye daftari la EBK (bodi ya wahandisi), fundi wa kufunga umeme majumbani asiye na leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati): hapo barua tamu haisaidii kitu. Usimalize bando kwa maombi, shughulikia usajili kwanza.

Kazi za serikali kuu na kaunti nazo usizichezee. Wanaochuja huwa na jedwali, kila sharti na safu yake, na safu moja ikibaki tupu jina linaondoka hata kama zilizobaki zimejaa. Hakuna anayekaa kufikiria kwamba huyu angefaa.

Kampuni binafsi ni habari nyingine. Mara nyingi meneja anaandika tangazo akimfikiria aliyeondoka, na ujuzi wote aliokuwa ameupata kwa miaka anauweka kama sharti la kuanzia. Tazama yanayotajwa mwanzo na yanayorudiwa kwenye orodha ya majukumu; hayo ndiyo kazi yenyewe. Lililotajwa mara moja tu mwishoni, au lililoandikwa kwamba litakuwa faida ya ziada, ni matamanio. Kama majukumu makuu unayaweza na unachokosa kinaweza kufundishika ndani ya mwezi mmoja au miwili, omba.

Chukua mfano wa mhasibu msaidizi. Tangazo linataka diploma, CPA (mitihani ya uhasibu ya Kenya) ngazi ya kati, miaka mitatu kazini, programu ya hesabu ya QuickBooks, na iTax na eTIMS, yaani mifumo ya ritani na ankara ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Wewe una diploma, miaka miwili, mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu ya Tanzania), umetumia programu ya hesabu ya Tally na mashine za EFD za kutolea stakabadhi. Pengo kubwa hapo ni kodi za Kenya, na pengo hilo linazibika kabla ya usaili. VAT hapa ni asilimia 16, wakati sisi Bara tumezoea 18. PAYE, kodi ya mshahara, inalipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Mshahara wa shilingi 50,000 unakatwa SHIF, mchango wa bima ya afya, asilimia 2.75, yaani 1,375, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 750, na mwajiri naye anaongeza 750 nyingine ya nyumba. NSSF, mchango wa pensheni, ina viwango vyake vya ngazi, angalia vya mwaka huo. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu hutolewa kwanza, ndipo PAYE ikokotolewe kwa kinachobaki, kisha kwenye kodi hiyo unapunguza nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Anayekokotoa PAYE kwenye mshahara mzima bila kutoa SHIF na tozo ya nyumba anajulikana papo hapo kwamba amesoma karatasi za zamani. Tengeneza jedwali la mishahara la watu watano wa kubuni kwenye Excel, ulijue kwa kichwa, ulitaje kwenye barua.

Kwenye CV usiandike "nina ufahamu wa iTax" ukaishia hapo. Andika ulichofanya kinachofanana nacho: ritani za VAT za kila mwezi kwa duka lenye mauzo ya kiasi fulani, ulinganisho wa taarifa za benki tatu, stakabadhi za EFD. Kisha mstari mmoja kwamba umejifunza taratibu za KRA, ukitaja zipi. Kurasa mbili zinatosha. Barua ya maombi izungumzie pengo mara moja tu, katikati, bila kuomba msamaha. Ukianza na "ingawa sina", msomaji ameshapata sababu ya kukuweka kando.

Vyeti vyetu navyo vinahitaji tafsiri ya aina yake. Mwajiri anayeomba C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, hajui divisheni ya pili ya NECTA, baraza la mitihani la kwetu, ina thamani gani, na hatakaa kutafuta. Cheti cha kidato cha nne kinapelekwa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kulinganishwa; shahada inapelekwa CUE, tume ya vyuo vikuu. Fundi aliyepita vyuo vya ufundi vya VETA aende NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, aulizie mitihani ya gredi, maana karakana nyingi za huku zinauliza gredi moja, mbili au tatu tu. Haya yanachukua muda, kwa hiyo omba ulinganisho kabla hujapata wito wa usaili. Ukiwa bado unasubiri, ambatanisha risiti ya maombi. Na usiguse cheti kwa kalamu wala kompyuta: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba imekuta vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 kwenye taasisi za umma, na kampuni binafsi nazo zinaweza kupiga simu vyuoni.

Usaili wenyewe mara nyingi ni wa Kiingereza, jopo la watu wawili au watatu, na zoezi la Excel kabla au baada. Swali la pengo litakuja, na jibu lake lina vipande vitatu, kwa mpangilio huu: sijalitumia, nimetumia hiki kinachofanya kazi ileile, tofauti niliyoiona kati yake ni hii. Kipande cha tatu ndicho kinachokuokoa, kwa sababu hakisemwi na mtu asiyejua. "Najifunza haraka" husemwa na kila aliyeingia chumbani, haina uzito. Na sisi tuna tabia ya kujibu kwa unyenyekevu mwingi, "nitajitahidi mkinipa nafasi". Nyumbani ni adabu, hapa wanaisikia kama shaka. Jibu, kisha nyamaza. Ukiendelea kujaza ukimya, utajikuta unaorodhesha mapengo ambayo hakuna aliyeyauliza.

Wakiuliza mshahara, taja kabla ya makato, maana ndivyo wanavyohesabu huku.

Suala la kibali lisikae hadi siku ya mkataba. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, lakini haikufuta kibali cha kazi, na kila nchi ilifungua aina fulani za kazi tu. Mwajiri ana sehemu yake ya kufanya kwenye maombi hayo, kwa hiyo mtu wa rasilimali watu ambaye hajawahi kuajiri Mtanzania ataogopa makaratasi kuliko atakavyoogopa upungufu wako wa mwaka mmoja wa uzoefu. Mweleze nyaraka unazo tayari: pasipoti, vyeti vilivyolinganishwa, picha.

Wakikupenda lakini wakasita, omba kipindi cha majaribio chenye malengo yaliyoandikwa, kwa mfano kufunga hesabu za mwezi bila msaada kufikia mwezi wa tatu. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya miezi sita, na kuongezwa hadi sita mingine ukikubali mwenyewe. Ndani ya kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba, kwa hiyo usilipe kodi ya nyumba ya mwaka mzima kule Ruaka kwa furaha ya barua ya ajira.

Na anayekuomba M-Pesa ya "usajili" au "vipimo vya afya" kabla hujaonana na mtu yeyote, hana kazi ya kukupa.